Neno Nililolifua

Mliniacha mlangoni pa ukumbi wa Halmashauri, mtoto mgongoni, mama kanishika mkono kama vile mimi ndiye ninayepelekwa shule. Picha ilikuwa imeshatangulia ndani.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita nitasema kwa kifupi, maana nikiyakumbuka yote kwa mpigo kichwa kinanigonga.

Mama yangu ni dobi. Anafua mtoni, kwenye ukingo wenye mawe bapa, yeye na wenzake kumi na tisa. Mume wangu alipoondoka kwenda kutafuta kazi, akawa harudi wala haandiki, ukingo ule ndio ulionilea mimi na binti yangu, huyu tunayemwita Chiriku kwa ajili ya domo lake.

Sasa wahunzi wa ng'ambo wanautaka. Upande wao unamegwa na mto kila mvua ikinyesha, na mwaka huu tanuri moja limekwenda na maji. Halmashauri ikatoa neno: watakaothibitisha kwamba wazee wao ndio walioanza kufanya kazi kwenye ukingo huo wenye mawe, ndio watakaopewa.

Uthibitisho uliopo ni mmoja tu, nao ni picha. Picha ya zamani za kamera ya miguu mitatu, imebandikwa kwenye kadibodi, rangi yake kama chai iliyokosa maziwa. Bwana Jalada, mtunza kumbukumbu wa Halmashauri, aliniazima siku moja kwa zoezi la darasa la jioni. Mwalimu alituambia: andika unachokiona, si unachokitaka.

Niliandika hivi. Watu saba wametupa migongo, wanatazama mto. Wamejipanga mstari mmoja. Mbele yao kuna ukungu mweupe, mikono yao imepotea humo. Kulia kuna lundo. Karibu na lundo ameketi mwanamke, na mtoto mchanga kalazwa chini. Ndani ya maji kuna kigingi, na kitambaa kilichonasa kinaburutwa na maji kuelekea kulia.

Nikapata alama nane kwa kumi. Kisha nikaigeuza picha.

Nyuma kulikuwa na maneno mawili ya wino. La kwanza lilikuwa WAFUA. La pili nililifua.

Ndiyo, nililifua. Niliona uchafu wa miaka umeganda pale, nikachukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nikaanzia pembeni, mkono wa kulia, kama mama alivyonifundisha kulianza doa kutoka ukingoni. Kitambaa kilipogeuka bluu nikakitupa, lakini neno lilikuwa limeshakwenda. Mtoto wa dobi akiona doa, mkono haumsikii.

Wafua nini? Wafua nguo, ni sisi. Wafua chuma, ni wao. Lugha yetu imezipa kazi mbili kitenzi kimoja, na mimi nimefuta kitu pekee kilichozitenganisha.

Aliyejua ni mimi, na nyinyi mnaosoma. Basi tuingie.

*

Mwenyekiti wa Halmashauri ni mama mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba. Alikuwa anatafuta miwani yake mezani, chini ya makaratasi, hadi Chiriku alipomnyooshea kidole kichwani.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema, akaishusha. "Haya. Wahunzi kule, madobi huku. Na asigombane mtu, leo kichwa kinaniuma."

Mzee Nyundo, mkubwa wa wahunzi, alikuwa mbele kabisa, kanzu safi inang'aa.

"Shikamoo, mzee," mama akamwambia.

"Marahaba, dobi. Hujambo?"

"Sijambo. Hiyo kanzu nimeifua juzi, masizi yamenitoa jasho. Miaka kumi na mitano nafua masizi yenu, leo mmekuja kuchukua na jiwe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wahunzi walicheka. Mzee Nyundo akajifuta mdomo.

"Si wewe ninayekufukuza, binti yangu. Ni mto unaonifukuza mimi."

Bwana Jalada akaiweka picha mezani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Wakaitwa wawili wawili kuitazama.

"Huu ni moshi," akasema Mzee Nyundo, kidole kwenye ule ukungu. "Na lile lundo ni mkaa. Mnataka nini tena?"

"Moshi wa nini? Hilo ni povu!" akadakia dobi mmoja tunayemwita Mama Sabuni. "Na lundo ni nguo. Una macho au una vifungo?"

"Povu gani linafika kifuani?"

"La sabuni ya zamani! Sabuni za siku hizi ndizo za wizi."

Mwenyekiti akagonga meza. "Mbona mikono yao haionekani?"

Hapo nikaona ni zamu yangu. Nikamkabidhi mama mtoto, nikasimama. 

"Samahani, Mheshimiwa. Mwalimu wetu wa jioni ametufundisha. Kamera za zamani zilichukua muda kushika picha. Aliyetulia alibaki. Aliyetikisika alifutika. Mikono yao haipo kwa sababu ilikuwa inafanya kazi."

"Kwa hiyo walichokuwa wanakifanya ndicho tusichokiona?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Makubwa," akasema Mwenyekiti, akaikandakanda pua.

Nikaendelea kabla sijaishiwa na ujasiri. "Ila tumtazame aliyetulia. Huyu mtoto hapa chini. Amelazwa hatua mbili kutoka kwa watu wanaofanya kazi. Mimi ni mama. Mama gani atamlaza mtoto mchanga mahali pa cheche? Huyu amelazwa penye maji na nguo. Hawa ni madobi."

Madobi wakapiga makofi. Mama Sabuni alipiga kigelegele kirefu. Mwenyekiti akaandika kitu, na nikajiona nimeshafika. Nilijiambia, leo darasa la jioni limelipa.

 Mzee Nyundo akainama, akapandisha kanzu hadi gotini. Mguu wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kwenye goti, ulikuwa na madoa meusi madogo madogo, kama mbegu za papai.

"Mimi nililazwa mahali pa cheche," akasema taratibu. "Mama yangu alikuwa anavuta mivukuto ya tanuri. Angenipeleka wapi? Wewe una mama wa kukushikia mtoto, binti. Yeye alikuwa na mimi na moto."

 Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Mwalimu alishasema: unachokiona, si unachokitaka.

Mwenyekiti akachora mstari juu ya kile alichoandika.

"Basi tubaki na maandishi," akasema. "Nyuma imeandikwa wafua. Wafua nini? Bwana Jalada, neno la pili liko wapi?"

Bwana Jalada ni mtu wa vikoti vya mikono mifupi na maneno machache. Aliigeuza picha, akaigeuza tena.

"Lilikuwepo, Mheshimiwa. Sikuwahi kulikariri. Nililiona mara nyingi, lakini unajua kitu ukikizoea."

"Na daftari la picha?"

"Daftari limepangwa kwa vitu, si kwa watu. Nimetafuta kwenye nguo, hakuna. Nimetafuta kwenye chuma, hakuna. Na mchwa nao wamekula kurasa kadhaa."

"Mchwa!" Mhunzi kijana aliyekaa nyuma akasimama. "Mchwa wamekula daftari, na wino pia wamekunywa? Huyu amefuta makusudi! Kila mtu anajua mashati yake yanafuliwa na madobi bure!"

"Si bure," mama akasema. "Anachelewa tu kuyafuata."

Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti aliivua miwani.

"Bwana Jalada, kuharibu kumbukumbu ya Halmashauri unajua ni kosa gani. Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi minne, Mheshimiwa."

"Miezi minne," akarudia Mwenyekiti. "Halafu ufanye hivi."

Bwana Jalada hakujitetea. Wala hakunitazama. Na nilijua kwamba anajua. Picha ilitoka mikononi mwake na maneno mawili, ikarudi kutoka kwangu na neno moja. Alikuwa amenyamaza wiki tatu nzima kwa ajili yangu.

Jamani, mnajua jinsi ulimi unavyoweza kuwa mzito? Wangu ulikuwa kama blanketi lililolowa.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyelifua. Neno. Nilidhani ni uchafu, nikalipitisha sabuni. Bwana Jalada hana kosa."

 Mzee Nyundo, ambaye sikumtarajia, ndiye aliyeanza kucheka, na wahunzi wakafuata. "Amefua neno! Madobi nyinyi hamwachi kitu!"

Mama hakucheka. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti akanyoosha mkono watu wakatulia. "Kwa hiyo uliliona kabla hujalifuta."

Hapa naomba mniwie radhi, wasomaji wangu. Wiki zote hizi nimewaambia sikuliona. Niliwaambia kitambaa kilipita kabla ya macho. Niliwadanganya, kwa kuwa nilijidanganya mwenyewe kwanza.

Niliona. Si lote. Nilipokitupa kitambaa zilikuwa zimebaki herufi mbili za mwanzo, nusu nzima, nusu zinayeyuka. Nikaziona kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha nazo zikatiririka.

"Niliona mwanzo wake," nikasema.

"Ukoje?"

Nikamtazama mama. Chiriku alikuwa anamvuta hereni. Madobi wenzake walikuwa wamenikodolea macho, mikono yao imewekwa mapajani, ile mikono yenye vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Ch," nikasema.

Sina haja ya kuwaeleza kelele zilizofuata. Wahunzi walikumbatiana. Mhunzi kijana alipanda juu ya kiti. "Ch! Chuma! Amesema mwenyewe!" Mama Sabuni aliinuka akanijia kidole kikiwa mbele.

"Umetuuza! Tumekubebea mtoto, tumekuachia zamu uende kwenye darasa lako, na wewe unakuja kututangazia herufi?"

"Mwache mwanangu," mama akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mama Sabuni alisimama palepale.

Mama akanirudishia mtoto. Akaenda mezani. Lazima niseme hapa kwamba mama hakuwahi kuishika ile picha. Kila nilipomwonyesha alijibu, "Mambo ya maandishi ni yako wewe uliyesoma," akaendelea kusugua kola ya mtu. Sasa akaifuta mikono kwenye kanga mara mbili, akaichukua, akaisogeza dirishani.

Akaitazama muda mrefu mno. Mwenyekiti akakohoa.

"Hawa," mama akasema mwishowe, "hawapigi kitu."

"Unasemaje, mama?"

"Hawapigi. Mtu anayepiga, nguo au chuma, anainamia mbele. Hawa wameegemea nyuma. Tazama visigino, vimezama kwenye mchanga. Hawa wanavuta."

Mzee Nyundo akasogea. Bwana Jalada akasogea. Na mimi nikasogea, mimi niliyepata nane kwa kumi.

Ni kweli. Wote saba walikuwa wameegemea nyuma. Niliandika migongo yao na sikuiona.

"Na huu mnaouita moshi," mama akaendelea, "mbona unaanza kwa mtu wa kwanza ukaishia kwa mtu wa saba? Moshi gani unaonyooka kama kamba ya kuanikia? Huo si moshi, na Mama Sabuni utanisamehe, si povu. Hiyo ndiyo nguo yenyewe. Wanaikamua. Imetikisika, ndiyo maana imekuwa ukungu, kama mwanangu alivyosema."

"Nguo ya kukamuliwa na watu saba?" akauliza mhunzi kijana. "Ya nani, ya jitu?"

Watu wakacheka. Mama naye akatabasamu, na hapo nikajua anachotaka kusema, maana nimekua nikikisikia. Nilipokuwa mdogo, akiwa anakamua mashuka, alikuwa akinisimulia kwamba bibi yake alifua nguo kubwa kuliko nyumba. Mimi na ndugu zangu tulimcheka. Tulisema mama anapiga chuku.

"Bibi yangu alifua nguo kubwa kuliko nyumba," mama akauambia ukumbi. "Wanangu hawakuniamini na nyinyi msiniamini. Lakini ilikuwa na jina. Ilikuwa inaitwa chandarua."

"Chandarua cha mbu?" akasema yuleyule kijana.

"Cha mbu ni cha juzi, mwanangu. Cha zamani kilikuwa turubai la kuwafunika watu mia kwenye mikutano. Kikichafuka kinapelekwa mtoni, kinafuliwa na ukoo mzima."

Chandarua.

Nilirudia neno hilo moyoni, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ch.

Bwana Jalada alikuwa ameshaondoka mezani. Sikuwahi kumwona anatembea haraka. Akarudi na daftari kubwa lililoliwa pembeni, vumbi linamfuata. Akalamba kidole, akafunua. Ukumbi mzima ulisikia karatasi.

"Chandarua," akasoma. "Lipo! 'Wafua chandarua. Chandarua cha Halmashauri kinafuliwa. Picha moja. Watu saba, mama mmoja, mtoto mmoja.'"

Mama Sabuni alitoa kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka sokoni. Alinikumbatia mimi yuleyule niliyewauza dakika tano nyuma. Madobi walikuwa wanamwinua mama juu, anapiga kelele wamshushe. Mzee Nyundo alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, na nilimwonea huruma kweli.

"Malizia," Mwenyekiti akasema.

"Naam?"

"Umesoma vitu na watu. Mahali je? Ukingo upi?"

Bwana Jalada akainamia daftari. Kidole chake kikateleza mpaka mwisho wa mstari, kikasimama.

"Imeandikwa," akasema. "Imeandikwa, 'Ng'ambo.'"

Kigelegele kilikatika katikati.

"Ng'ambo?" akasema mama, akiwa bado hewani.

Mzee Nyundo alianza kucheka, kwanza kifuani, kisha mwili mzima, mpaka akakohoa na kushikwa mabega. "Basi karibuni kwetu! Wazee wenu walifua kwetu! Njooni mchukue ule ukingo unaoliwa na mto, sisi tuje tukae kwenye mawe yenu!"

"Ng'ambo ni kwenu mkitazamwa na sisi," mama akajibu, madobi wakimteremsha. "Nyinyi mkitutazama sisi, ng'ambo ni kwetu. Aliyeandika alikuwa amekaa upande gani?"

Swali zuri. Kila mtu akamgeukia Bwana Jalada.

"Ofisi hii ilijengwa baba yangu akiwa kijana," akasema. "Kabla yake zilikuwepo mbili. Moja upande huu, moja upande ule. Ipi iliyokuwa ikitumika wakati wa picha, sijui."

Mwenyekiti aliipandisha miwani kichwani. Najua baadaye ataitafuta.

"Leo Jumanne. Nawapa mpaka Ijumaa mchana. Atakayenionyesha ng'ambo ni wapi, nitamsikiliza. Asipopatikana, naandika kama lilivyo: madobi, ng'ambo; mawe wachukue wahunzi."

*

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika darajani, katikati kabisa, mama akasimama akaegemea ukingo wa chuma.

Nikasubiri anigombeze. Nilistahili.

"Lile neno la pili ulilifua," akasema. "Hili la tatu usiligusishe maji."

Nikacheka, machozi yakanitoka hapohapo. Akamchukua Chiriku, akamfuta pua kwa ncha ya kanga.

"Bibi yangu yumo mle, unajua. Mmojawapo wa wale saba. Au ni yule mchanga aliyelazwa chini. Wewe umesoma, utalijua hilo la ng'ambo. Nimeshawaambia wenzangu wasihamishe hata beseni moja."

Alisema kwa imani kamili. Nikageuka kuutazama mto, nifikiri.

Nikautazama ukingo wetu, mawe, kamba za kuanikia. Nikamtazama dobi mmoja aliyebaki zamu, kasimama akiwa ameuelekea mto, mgongo kwa nchi kavu, vilevile kama wale saba. Mbele yake kipande cha kamba kilikuwa kimenasa kwenye jiwe, kinaburutwa na maji.

Kuelekea kushoto kwake.

Nikahesabu upya. Mtu akisimama upande wetu akautazama mto, maji yanakwenda kushoto. Akisimama upande wa wahunzi akautazama mto uleule, maji yanakwenda kulia.

Kigingi. Kitambaa kilichonasa. Niliviandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na mwalimu akaweka alama ya vyema pembeni.

Kuelekea kulia.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" mama akaniuliza.